Jumlisha Tatu Kwenye Cheti cha Mama Kulwa

Juzi mjukuu wa dada yangu, anayesomea maabara, alikuja kunisalimia. Shikamoo bibi, marahaba, na kabla chai haijafika mezani kaanza kunieleza kwamba siku hizi kuna vipimo vya damu vya kujua kama utumbo wa mtu unavuja. Eti tone dogo tu, bibi, jibu linatoka. Nikamuuliza, na mwenyewe huyo mwenye utumbo mlikuwa mmemwangalia usoni? Akacheka akidhani namtania. Sikuwa natania hata kidogo. Nimeshinda na damu za watu tangu nikiwa msichana wa Maganzo mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na damu naijua. Hainidanganyi. Ila inajibu lile uliloiuliza, na mara nyingi tunaiuliza vibaya halafu tunaisingizia.

Sasa nyinyi mnaovaa makoti meupe yaliyopigwa pasi, ngojeni niwasimulie habari ya Mama Kulwa. Ni habari yangu pia, na kuna kipande nilikuwa naruka kila nikiisimulia. Leo siruki. Nimezeeka, aibu zimeshanichoka zenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, Katoro. Msifikirie Katoro ya leo yenye bodaboda mpaka mlangoni kwa mtu. Ilikuwa vumbi, mabati, magari ya kwenda Ushirombo, na wachimbaji waliotapakaa tope jekundu mpaka kope. Kliniki yetu ilikuwa ya mtu binafsi, vyumba vinne, na maabara ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya mahindi. Panya walikuwa bado hawajapata habari kwamba mahindi yamehama. Darubini ilitumia mwanga wa jua: unategesha kioo chake dirishani, ukiona wingu linakuja unasema, jamani wagonjwa, subirini. Mashine ya kuzungusha damu ilikuwa ya mkono. Nilikuwa na msuli mmoja mkubwa, wa kulia.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Lushinge, Msukuma mrefu, mpole, aliyejifunzia kazi hospitali za misheni tangu wakati wa mkoloni. Hakuwa na vyeti vingi kama mimi, na mimi nilihakikisha analijua hilo. Kila asubuhi alinisalimia "Mwangaluka," akachungulia vikopo vya choo kabla hajagusa kitu kingine chochote. Choo kwanza. Mimi kile kitu nilikuwa nakichukia. Nilipenda damu, kwa sababu damu ina heshima. Watu nao walikuwa hivyo hivyo. Mwambie mchimbaji nyoosha mkono nikuchome sindano, ananyoosha mikono yote miwili. Mwambie lete choo kikubwa, anakununia wiki nzima.

Tulikuwa tunawaambia walete kwenye kiberiti kitupu, kiasi cha punje ya harage. Wengine walileta kopo la siagi limejaa pomoni. Siku moja walikuja vijana watatu wa duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, wakaniwekea mezani kiberiti kimoja. Nikauliza, hiki cha nani? Wakasema, chetu. Chenu vipi? Mmoja akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, sisi tunakula chungu kimoja. Kwa hiyo ni kile kile."

Kipimo cha damu cha taifodi, ile homa ya matumbo, kilikuwa chepesi mno, na hapo ndipo kilipotuponza. Unachukua majimaji ya damu, unadondosha tone kwenye kigae cheupe, unaongeza tone la dawa ya kupimia, unatikisa taratibu. Likibaki laini, hakuna kitu. Likikatika vipandevipande kama maziwa yaliyochacha, unaandika alama ya kujumlisha. Likikatika kidogo jumlisha moja, likikatika sana jumlisha tatu. Watu walikuwa wanatembea na hizo jumlisha zao kama vyeo. Utamsikia mtu kilabuni, mimi nina taifodi jumlisha mbili, mwenzake anamjibu hiyo ndogo, mimi nina tatu.

Dawa yenyewe ilitaka baridi, na sisi friji hatukuwa nayo. Tuliihifadhi dukani kwa Mzee Fazal, kwenye friji lake la soda linalotumia mafuta ya taa. Mzee Fazal alikuwa mtu mkarimu, familia yao ilikuwa na maduka kuanzia Kahama mpaka kule kwetu, na ukarimu wake ndio uliotuharibia. Aliona vichupa vyetu vimekaa mlangoni, akavihurumia, akavisogeza juu kabisa penye barafu. Wiki ile Katoro nzima ilikuwa na taifodi. Kila aliyeingia, jumlisha tatu. Mzee Fazal mwenyewe alikuja kupima presha, nami kwa kiherehere nikampima na taifodi, jumlisha tatu. Akapauka mzee wa watu, akaniambia, binti, mimi niko mzima tangu mwaka jana! Mzee Lushinge akachukua maji ya chumvi matupu, akadondosha kwenye kigae, akaongeza dawa yetu. Yakakatika. "Haya," akaniambia, "mwandikie chumvi vidonge."

Nilicheka. Lakini sikujifunza, maana nilidhani tatizo lilikuwa barafu tu.

Ndipo yakaja ya Mama Kulwa. Alikuwa mamantilie, mdogo kwangu kwa miaka michache, mama wa mapacha, Kulwa na Doto, waliokuwa bado wananyonya. Mume wake alikuwa amefuata rashi, yaani machimbo mapya ya dhahabu yanayokimbiliwa na kila mtu, upande wa Kahama, na kilichorudi kutoka kwake kilikuwa salamu tu. Banda lake lilikuwa turubai na mabenchi mawili njia ya kwenda machimboni. Asubuhi alipika chai na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga, mchana ugali na dagaa. Wachimbaji walimpenda kwa sababu hakuwa na unafiki wa kijiko, anachota kweli. Kila kilichoingia midomoni mwa wale watoto kilitoka kwenye lile banda.

Mwaka ule homa ya matumbo ilishika machimboni, wachimbaji kadhaa wakalazwa. Bwana afya akaamuru mamantilie wote wapimwe. Walikuja siku moja, foleni mpaka barabarani, na Mzee Lushinge hakuwepo, alikuwa amekwenda msibani Nyahanga. Nikawapima peke yangu, damu tupu, kwa mbwembwe. Wengi walikuwa laini, wawili watatu wakawa na jumlisha moja. Tone la Mama Kulwa likakatika mpaka likabaki kama chenga za mkaa. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika jumlisha tatu, nikapiga na mstari chini. Kalamu nyekundu, jamani! Nani alinituma?

Kabla jua halijazama bwana afya alikuwa amechora alama ya rangi kwenye mlingoti wa banda lake na kumwambia hivi: banda limefungwa, ana mwezi mmoja. Asipoleta cheti cha kumsafisha, nafasi inapewa mwingine.

Mzee Lushinge aliporudi nikamwonyesha daftari, nikingoja anisifu. Akasoma, akavua miwani.

"Huyu anaumwa wapi?"

"Haumwi mahali, mzee."

"Homa?"

"Hana."

"Sasa ulikuwa unampima nini?"

Akanivutia kigoda, akanieleza, na nawaelezeni kama alivyonieleza. Ukiugua taifodi mwili unaita askari wake, na askari wale wakishaitwa hawarudi nyumbani haraka, wanazurura kwenye damu miezi na miezi. Kipimo chako kinawaona askari. Mwizi hakimwoni. Mtu aliyeugua mwaka juzi akapona, askari wake wapo. Tena utumbo ni chujio, na watu wa hapa chujio zao zimechubuliwa na amiba na minyoo tangu utotoni. Vitu vinapenyeza penye machubuko vinaingia kwenye damu, damu inashtuka, inaita askari kwa kila aina ya uchafu, na baadhi yao wanafanana na wa taifodi. Ukitaka kujua kama mwizi yumo ndani ya nyumba, akasema, ingia ndani. Maana yake choo. Kipelekwe Mwanza hospitali kubwa, wakakioteshe, si mara moja, mara tatu, kwa siku tofauti, kwa sababu wadudu wa mtu anayewabeba wanatoka leo na kujificha kesho.

"Na wewe ndiye utakayekwenda kumwambia," akasema. "Kalamu ilikuwa yako."

Nikaenda. Mama Kulwa alikuwa anafua nguo za wachimbaji, watoto wamelala kwenye beseni kavu. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Nikamweleza. Akasimama na povu mpaka viwikoni.

"Choo changu kipande gari mpaka Mwanza? Kikafike mikononi mwa nani? Dada, wewe umeniua mara moja, unataka kuniua mara ya pili?"

Msimcheke. Kwetu kitu kilichotoka mwilini mwako hakiachwi ovyo, kuna watu wanaweza kukifanyia mambo. Nilikuwa nalijua hilo tangu nikiwa mtoto, nikajitia mtaalamu nisiyeamini hayo.

"Mimi nitakifunga mwenyewe," nikamwambia. "Hatutaandika jina."

Akakung'uta povu. "Wewe chako ushawahi kukipeleka?"

"Mimi? Cha nini? Mimi siumwi."

"Ala! Na mimi naumwa?"

Akainamia tena nguo zake. Akasema, "Toa na chako. Viende pamoja, gari moja, boksi moja. Kama kuna wa kunifanyia kitu, atufanyie wote wawili." Nikakubali, na nawaambia kweli, nilikubali kwa kiburi. Niliona nampa moyo mwanamke wa watu.

Kesho yake akaniletea kiberiti kimefungwa kwa kitambaa safi, na uzi umefungwa fundo zuri kama zawadi. Mzee Lushinge akafungua, akanusa kwa mbali, akageukia dirisha.

"Vero, huyu mama ananyonya?"

Kilikuwa cha njano, laini, kinanukia maziwa. Nikamkimbilia Mama Kulwa mpaka kwake, nikamuuliza hiki cha nani. Wala hakuficha. "Cha Doto. Kulwa anaharisha." Nikamuuliza kwa nini, akanijibu kama mtu anayemweleza mgeni namna ya kukaa mezani: "Dada, kinaenda kwa wakubwa Mwanza. Nilitaka kiende kizuri."

Sasa hapa mnielewe. Choo cha Doto kingerudi safi, banda lingefunguliwa, nami ningekuwa nimefuta kosa langu. Nilirudi maabara nikalitamka hilo kwa sauti. Mzee Lushinge hakukataa wala hakukubali, alisema tu, "Na kama kweli anao?" Nikawafikiria wale wachimbaji waliolazwa. Nikatupa kiberiti cha Doto shimoni, nikarudi kwa Mama Kulwa, tukagombana mpaka majirani wakatoka nje. Lakini akatoa chake. Mara tatu, siku tatu tofauti, nami nikatoa changu mara tatu. Niliviweka kwenye chupa za kusafirishia, na ili kumsitiri niliandika namba tu. Moja na mbili. Nani ni moja na nani ni mbili tulijua mimi na yeye, basi. Hata daftarini sikuandika, ndivyo tulivyoapizana.

Boksi nikamkabidhi kondakta wa basi la Mwanza. Akaniuliza kuna nini humu, nikamwambia vipimo. Akaliweka juu ya kapu lake la chakula, akalifunika na sweta lake lisipigwe jua. Niliona aibu kumwambia zaidi.

Tukangoja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama Kulwa aliuza mabenchi, kisha sufuria kubwa. Maziwa yakaanza kumpungukia, Kulwa akawa analia kwa sauti nyembamba ambayo niliisikia nikipita barabarani, na nilikuwa nikipita haraka. Nilimpelekea unga, akaupokea akasema "Wabeja," asante, neno moja, akafunga mlango. Ilinichoma kuliko angenitukana. Siku mbili kabla ya mwezi kuisha bwana afya alipita na mwanamke mwingine, wakawa wanapima banda kwa hatua.

Kesho yake basi la mchana likaleta bahasha.

Mzee Lushinge aliifungua kwa wembe, akasoma, akasoma tena. Akaniuliza taratibu, "Namba mbili safi zote tatu. Namba moja wameotesha taifodi, mara mbili kati ya tatu. Moja ndiyo nani?"

Jamani. Namba moja ilikuwa mimi.

Mimi, niliyekuwa nakunywa maji ya kuchemsha, niliyekuwa nawasema wengine! Na kitu cha kwanza kilichonijia, nawaambia bila kuwaficha, kilikuwa kwamba hakuna anayejua. Mzee hajui. Mama Kulwa hajui kusoma. Neno moja tu, moja ndiyo yeye, na kesho banda linakwenda kwa mwingine, na mimi nabaki dada wa maabara mwenye kalamu nyekundu. Mzee alikuwa ananitazama, hana haraka. Macho yangu yakaangukia kwenye jagi la plastiki pale kwenye kaunta, lile la maji ya kumezea dawa, na kikombe chake kimoja. Kila asubuhi nilikuwa nalijaza mimi. Kila mgonjwa wa Katoro alikuwa amekunywa kutoka mkononi mwangu.

"Moja ni mimi, mzee," nikasema, na nikaanza kulia.

Hakunibembeleza. Alichukua jagi akaenda kulimwaga nje. Kisha akanichoma kidole, akaipima damu yangu mwenyewe mbele yangu kwenye kigae kile kile. Likatulia tone, laini, halina hata chembe. Tulilitazama mpaka likakauka. Mama Kulwa mwenye jumlisha tatu hana kitu, na mimi niliye laini ndiye mwenye wadudu. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea jibu la damu peke yake na kunitaka niamue juu ya tumbo la mtu, namwambia aniletee na mtu mwenyewe, na choo chake, na habari zake.

Kuhusu mimi, nilitolewa maabara, nikapelekwa Mwanza, nikameza vidonge mwezi mzima, nikapimwa tena na tena mpaka wakanisafisha. Sijui niliwaambukiza wangapi. Mpaka leo sijui, na swali hilo nalala nalo.

Lakini siku ile ile ya bahasha, kabla sijasafiri, nilikwenda bandani na bwana afya na cheti kipya. Wachimbaji walikuwa wamejaa, maana habari Katoro haivai viatu ikasubiri. Bwana afya akasoma kwamba Mama Kulwa ni safi, afungue. Wakapiga makofi na miluzi. Mama Kulwa hakupiga. Aliniangalia mimi.

"Na chako kimesemaje?"

Ningeweza kumvuta pembeni. Nikasema pale pale, mbele ya watu, kwamba chake ni safi na mwenye taifodi ni mimi. Banda zima likaangua kicheko, mpaka yule mwanamke aliyekuja kupima hatua. Mama Kulwa naye alicheka, alicheka mpaka akajishika magoti. Kisha kicheko kikakatika, machozi yakawa yanamtoka kweli.

"Mwezi mzima, dada," akasema. "Mwezi mzima watoto wangu."

Nikamwambia nisamehe. Aliingia ndani akatoka na jagi la maji ya moto na kipande cha sabuni ya mche, akanionyesha beseni, kama anavyonawishwa mgeni kabla ya kula. Nikanyoosha mikono. Akamimina.

"Sugua."

Nikasugua.

"Na kucha."

Nikasugua kucha. Wachimbaji wote wanaangalia mikono yangu. Maji yakaisha. Nikadhani tumemaliza, nikataka kujifuta kwenye kanga.

"Bado," akasema Mama Kulwa, na akaenda kujaza jagi la pili.